Herufi za Mwanzo Zinapofanana: Kufundisha Maneno ya Kiingereza Yanayoanza kwa "Un-"

Utangulizi

Katika shule moja ya msingi isiyo mbali na daraja la mto Ruvu, tulipokuwa tukiwatembelea wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya Darasa la Sita tukasikiliza somo la Kiingereza. Mwanachuo alikuwa amejiandaa vema. Alieleza kwamba "happy" ni mwenye furaha na "unhappy" ni asiye na furaha. Kwamba "kind" ni mwema na "unkind" ni asiye mwema. Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa kanuni hii: UN- MAANA YAKE NI "SI". Wanafunzi wakainakili. Hapo msichana mmoja wa dawati la mwisho akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama 'un' ni 'si', basi 'uncle' ni mtu asiye na nini?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwanachuo akaona anafanyiwa mzaha, akamwamuru aketi. Msichana akaketi, na hata kengele ilipolia hakunyosha mkono tena.

Kwa maoni yetu, swali lile lilikuwa ndilo zuri kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile. Mtoto alikuwa ameichukua kanuni ya mwalimu wake, akaipima kwa neno alijualo, akaona kanuni haitoshi. Hiyo ndiyo kazi ya akili inayojifunza. Mwanachuo hakuwa na ubaya wowote; alikosa jibu tu, na mwalimu aliyekosa jibu aghalabu hukimbilia ukali. Madhumuni ya makala hii ni kumpatia mwalimu jibu la swali lile, na zaidi ya jibu, njia ya kuyafundisha maneno ya Kiingereza ambayo herufi zake za mwanzo ni zile zile lakini maana zake hazina undugu.

Jambo hili si dogo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Mtoto anayevuka kuingia Kidato cha Kwanza hukuta masomo mengi yakitolewa kwa Kiingereza, na vitabu vyake vya sayansi na jiografia vimejaa maneno ambayo hakuna mwalimu wa msingi angeweza kuyamaliza. Hatuwezi kumpa mtoto maneno yote. Twaweza kumpa namna ya kulikabili neno geni pasipo kuogopa na pasipo kubahatisha.

Tuanzie nyumbani

Kabla ya kuingia katika Kiingereza, yafaa tuitazame ramani ya nchi yetu. Mto unaopita hapa kwetu, unaotoka milima ya Uluguru na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, huitwa Ruvu. Upande wa kusini kuna Rufiji. Kusini zaidi, mpakani na Msumbiji, kuna Ruvuma. Nao Ruaha Mkuu humwaga maji yake katika Rufiji. Tena kule kaskazini kuna Ruvu nyingine, inayoingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtoto akiyaona majina haya atasema bila kusita: "Ru- ni mto." Si dhana ya kipumbavu, kwani ina mashahidi watano.

Sasa mwalimu amwonyeshe Rungwe. Huo ni mlima. Amwonyeshe Rukwa. Hilo ni ziwa. Amwonyeshe Rubondo. Hicho ni kisiwa katika Ziwa Viktoria. Papo hapo mtoto ataelewa jambo ambalo kanuni ya ubaoni isingemwelewesha: kwamba kufanana kwa herufi za mwanzo kunatupa dhana, na kila dhana haina budi kupimwa. Kudhani si kosa. Kosa ni kudhani kisha kuacha hapo hapo. Mwanachuo aanze somo lake kwa ramani hii, maana zana iko ukutani tayari na haigharimu kitu.

Mtoto anayesema Kiswahili anayo sababu nyingine ya kuziamini mno herufi za mwanzo. Katika lugha yake mwanzo wa nomino ndio unaomwonyesha ngeli: "kiti, viti", "mti, miti", "mtu, watu". Mazoea haya yana nguvu hata huyameza maneno ya kigeni. Neno "kitabu" tulilipata kutoka Kiarabu, na "ki" yake ni sehemu ya mzizi wenyewe, kama tunavyoona katika jamaa zake "katibu" na "maktaba". Lakini sisi tuliichukua kuwa kiambishi, tukasema "vitabu". Hata kibao cha barabarani cha Kiingereza kilichowaamuru madereva wapite kushoto tulikigeuza kuwa "kipilefti", na wingi wake "vipilefti". Basi mtoto wetu anapoingia katika Kiingereza huja na sikio lililozoea kutafuta maana mwanzoni mwa neno. Sikio hilo ni mali. Kazi ya mwalimu ni kulinoa.

"Un-" ni mbili, si moja

Kanuni ya mwanachuo wetu ilikuwa na kasoro ya kwanza ambayo hata yule msichana hakuigundua. Katika Kiingereza mna viambishi viwili vinavyoandikwa "un-". Zamani sana vilikuwa viambishi mbalimbali, kila kimoja na asili yake. Baadaye maumbo yao yakafanana.

Cha kwanza ni "un-" ya kukanusha. Hii hukaa hasa mbele ya vivumishi: "unhappy", "unsafe", "unequal", "unripe", "unclean". Kwa Kiswahili twaweza kuifasiri kwa "-si-" au "si": pande zisizo sawa, mahali pasipo salama. Hata hivyo mwalimu asilazimishe "-sio" kila mahali, kwa kuwa mara nyingi Kiswahili kina neno lake kamili. "Unripe mango" ni embe bichi; "unclean water" ni maji machafu. Mtoto anayefundishwa kusema "maji yasiyo safi" kila mara atajua kanuni, ila atakuwa amesahau lugha yake.

Cha pili ni "un-" ya kutendua. Hii hukaa mbele ya vitenzi, wala haisemi kwamba jambo halikutendeka. Husema kwamba lilitendeka, kisha likarudishwa nyuma. Hapa Kiswahili kinatupa msaada mkubwa, kwani kina kauli ya kutendua iliyo kamili. Tazama jozi hizi:

funga, fungua: "tie", "untie"
kunja, kunjua: "fold", "unfold"
funika, funua: "cover", "uncover"
ziba, zibua: "block", "unblock"
pakia, pakua: "load", "unload"
chomeka, chomoa: "plug in", "unplug"

Mwanafunzi azitazame jozi hizi mwenyewe, ndipo aulizwe: Kiingereza kimeweka wapi alama ya kutendua, na Kiswahili kimeiweka wapi? Ataona kwamba Kiingereza kimeiweka kichwani mwa neno na Kiswahili kimeiweka mkiani. Lililo "un-" kule ni "-u-" au "-o-" huku. Tumeona darasani kwamba mtoto akishaligundua hili mwenyewe, neno kama "unwrap" au "unhook" halimtishi tena. Hutafuta maana ya "wrap" au "hook", kisha huitendua.

Kwa nini tunasisitiza kuwa viambishi ni viwili? Kwa sababu kuna sentensi ambazo zina maana mbili, na maana hizo zaweza kuleta ugomvi. Chukua sentensi hii: "The goat was untied." Mbuzi ameingia katika shamba la mihogo la jirani, akala. Sentensi yaweza kuwa na maana kwamba mbuzi hakuwa amefungwa, nayo lawama ni ya mwenye mbuzi. Tena yaweza kuwa na maana kwamba mbuzi alifunguliwa, yaani alikuwa amefungwa na mtu akaja akaifungua kamba. Hapo lawama ni ya huyo mtu. Mbele ya baraza la kijiji tofauti hii ndiyo itakayoamua nani alipe fidia. Kiingereza kimezitia maana zote mbili katika neno moja na kumwachia msomaji azitenge kwa kutazama habari nzima. Kiswahili huzitenga chenyewe: "hakufungwa" ni moja, "alifunguliwa" ni nyingine. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anayeambiwa tu kwamba "un-" ni "si" ananyang'anywa chombo alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Kuna kipimo kingine kinachotenganisha viambishi hivi. Si kila tendo laweza kutenduliwa. Kamba iliyofungwa hufunguliwa. Nguo iliyokunjwa hukunjuliwa. Lakini wali uliopikwa haurudi kuwa mchele, wala chungu kilichovunjika hakirudi kuwa kizima. Ndiyo maana Kiingereza hakina kitenzi "uncook" wala "unbreak" katika matumizi ya kawaida, na Kiswahili vile vile hakina "pikua" wala "vunjua". Hata hivyo Kiingereza kina "uncooked" na "unbroken", nayo maana yake ni isiyopikwa na isiyovunjika. Hapo tunajua kwa hakika kwamba "un-" hiyo ni ya kukanusha, kwani kutendua hakuwezekani. Lugha mbili zilizo mbali hivi zimekubaliana kwa sababu zinautazama ulimwengu ule ule.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba jozi zote zinalingana. Mama akiona wingu humwambia mtoto: "Anua nguo!" Sisi tuna "anika" na "anua", tuna "ezeka" na "ezua", tuna "tandika" na "tandua". Kiingereza hakina "un-" ya kuanua, bali husema kwa maneno kadhaa kwamba nguo ziingizwe ndani. Mwalimu amzuie mtoto asijitungie neno mahali ambapo Kiingereza kimekwenda njia nyingine.

Maneno ambayo shina lake limekufa

Sasa tufike kwenye maneno yasiyo ya kawaida, ambayo mwanachuo hukutana nayo katika vitabu vya hadithi na kushindwa kuyaeleza. Ni yale ambayo "un-" yake ni kiambishi cha kweli, lakini ukikiondoa, linalobaki halitumiki tena peke yake.

"Unkempt" ni moja. Ukiondoa "un-" unabaki na "kempt", ambalo siku hizi ni nadra kulisikia. Zamani lilikuwa na maana ya "iliyochanwa", kutokana na kitenzi cha kale cha kuchana nywele, kilicho ndugu wa "comb", yaani kitana. Basi "unkempt" ni mwenye nywele zisizochanwa, na baadaye likaenea likawa na maana ya kitu chochote kilichoachwa ovyo: ua lisilofagiliwa, bustani iliyoota magugu.

"Uncouth" ni jingine. Shina lake, "couth", lilikuwa na maana ya "-nayojulikana". Neno zima lilianza kwa maana ya "isiyojulikana", likahamia kwenye "geni", na hatimaye likatua kwenye maana ya leo: mtu asiye na adabu, asiyejua namna ya kukaa na watu.

"Unscathed" lina shina "scathe", lenye maana ya kudhuru. Abiria aliyetoka katika ajali bila hata mkwaruzo huambiwa ametoka "unscathed", yaani salama salimini. "Ungainly" ni mtu au mnyama asiye na wepesi katika mwendo wake, kama korongo anapotembea nchi kavu. Shina lake la kale lilikuwa na maana ya kunyoka na kufaa.

Katika kundi hili tunaongeza mawili ambayo shina lake bado li hai ila watoto hawalijui. "Unruly" hutokana na "rule", kutawala. Ni asiyetawalika, kama darasa la watoto sitini mwalimu anapochelewa. "Unwieldy" hutokana na "wield", kushika na kutumia chombo au silaha. Ni kitu kigumu kukishika au kukiongoza. Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe hana haja ya picha kwa neno hili. Awaambie watoto wamkumbuke mtu anayesukuma baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, upepo ukivuma kutoka ubavuni. Mzigo ule ni "unwieldy".

Mwanafunzi akishangaa jinsi neno linavyoweza kuishi na shina lake likafa, amrudie tena Kiswahili. Tunasema "inama", "inua" na "inika". Yote matatu yana mzizi "-in-", nao unahusu kulala na kuinuka kwa kitu. Lakini mzizi huo peke yake haufanyi kitenzi, hakuna amwambiaye mwenzake "ina!" Vivyo hivyo "simama" na "simika" yameshikamana na "-sim-", isiyosimama peke yake. Lugha zote huzika wazee na kubaki na wajukuu.

Wanaofanana kwa sura tu

Tumalizie na maneno ambayo ndani yake "un-" si kiambishi cha kukanusha wala cha kutendua. Haya ni makundi mawili.

Kundi la kwanza lina "uni-", iliyotoka katika Kilatini kwa maana ya "moja". "Uniform" ni umbo moja, ndiyo sare ya shule. "Unison" ni sauti moja, kama kwaya inapoimba pamoja bila kugawana sauti. "Unanimous" ni nia moja, kama mkutano unapopitisha jambo bila mpinzani. "Unicellular" ni kiumbe chenye seli moja, neno ambalo mtoto atalikuta katika biolojia. Tena "union" na "united" ni jamaa hao hao. Jina la nchi yetu kwa Kiingereza lina neno "United", kwa sababu ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964. Mtoto aliyekariri kwamba "un-" ni "si" atalitazama neno linalounganisha akadhani linatenga.

Sikio husaidia hapa. "Uni-" yenye maana ya moja hutamkwa kwa kuanza na sauti "yu", ilhali "un-" ya kukanusha na ya kutendua hutamkwa karibu na "an". Lakini mwalimu aangalie maneno kama "uninvited" na "unimportant". Machoni yanaanza kwa U, N, I. Masikioni yanaanza kwa "an". Ni "un-" iliyokutana na neno linaloanza kwa "i". Aliyealikwa ni "invited". Asiyealikwa ni "uninvited".

Kundi la pili ni la wageni ambao wamekaa pamoja kwa bahati. "Under" ni neno la kale lenye maana ya chini, wala halina sehemu mbili. "Until" lina "un-" iliyotokana na neno la kale lenye maana ya "hadi". "Unless" lilianza kama maneno mawili, na "un-" yake ilikuwa "on". "Undulate" hutoka katika neno la Kilatini la wimbi. Nchi yenye miinuko na mabonde madogo madogo, kama vilima vya Pugu, huelezwa kwa neno hili katika jiografia. "Ungulate" hutoka katika neno la ukwato, ndiye mnyama mwenye kwato kama ng'ombe na pundamilia. "Unguent" hutoka katika kupaka, ndiyo marhamu.

Na "uncle" je? Neno hili Waingereza walilipata kutoka Kifaransa, na Kifaransa kutoka Kilatini "avunculus". Katika Kilatini "avunculus" alikuwa ndugu wa kiume wa mama, yaani mjomba hasa. Ndugu wa baba alikuwa na jina lake jingine, "patruus". Warumi wa kale waliwatenga kama sisi tunavyomtenga mjomba na baba mdogo au amu. Kiingereza kikawachanganya wote katika neno moja. Basi jibu la yule msichana ni hili: "uncle" hakukosa kitu chochote. Herufi zake mbili za mwanzo ni mabaki ya neno refu lililokatwa kichwa, na asili yake ni mjomba wako. Jibu hilo lingechukua dakika mbili, na darasa zima lisingelisahau.

Hatua nne za kulipima neno

Mwanafunzi akutanapo na neno linaloanza kwa "un-" azoezwe kufuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, afunike. Aweke kidole juu ya herufi mbili za mwanzo, atazame kilichobaki. Je, ni neno? Katika "untie" limebaki "tie", ni neno. Katika "uncle" limebaki "cle", si neno.

Pili, ajaribu maana. Hatua ya kwanza haitoshi, kwani katika "unit" hubaki "it", na katika "unless" hubaki "less", nayo ni maneno kamili. Aulize: je, "unit" ni kinyume cha "it"? Je, maana hiyo yakaa vizuri katika sentensi? Ikikataa, dhana imeanguka. Ikikubali, aulize tena: ni ya kukanusha, au ya kutendua?

Tatu, asikilize. Neno latamkwa "an" au "yu"?

Nne, afungue kamusi. Hatua hii ndiyo inayoyaokoa maneno kama "unkempt" na "undulate", ambayo hayaamuliwi kwa kidole wala kwa sikio. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, yafaa iwepo katika kila ofisi ya walimu, hata kama ni nakala moja. Mwalimu mwenyewe asione haya kuifungua mbele ya darasa. Mtoto akimwona mwalimu wake akitafuta neno, hujifunza kwamba kutojua si aibu, na kwamba dawa yake inajulikana.

Mfano wa kipindi

Kwa kipindi cha dakika 40 katika Darasa la Sita tunapendekeza andalio lifuatalo. Zana: kipande cha kamba ya katani, khanga moja, kopo lenye mfuniko, embe bichi na embe bivu ikiwa ni msimu, na kadi ishirini zilizokatwa kutoka maboksi matupu.

Dakika tano za mwanzo zitumike kwa ramani na majina ya Ru-. Dakika kumi zinazofuata ziwe za vitendo: mwalimu afunge kamba na kuifungua, akunje khanga na kuikunjua, afunike kopo na kulifunua, akisema kila tendo kwa Kiingereza, wanafunzi waje mbele wawili wawili na kurudia. Kisha aonyeshe maembe mawili na kuuliza: "Je, embe bichi limetenduliwa?" Watoto watasema la, halijaiva bado. Hapo "un-" mbili zimetengana mbele ya macho yao.

Dakika kumi na tano zitumike kwa kadi. Kila kadi iwe na neno moja. Ubaoni ziwepo safu nne: KUKANUSHA, KUTENDUA, MOJA, NA MGENI. Wanafunzi katika vikundi wajadiliane ndipo waziweke kadi mahali pake, na kila kikundi kieleze sababu. Kueleza sababu ndiko kufundisha. Kadi iliyowekwa mahali sahihi kwa bahati haina thamani. Dakika kumi za mwisho wanafunzi waandike sentensi tano daftarini, na mwalimu apite kati ya madawati.

Tahadhari

Mwanachuo asiyamwage maneno yote ya makala hii juu ya watoto. "Uncouth" na "unguent" ni kwa ajili yake yeye, asije akakwama. Kwa Darasa la Sita "untie", "unripe", "uniform" na "uncle" yatosha kujenga njia.

Tena asiwaache watoto waunde maneno kiholela. Kiingereza hakisemi "unbig" wala "ungood", kwa kuwa "small" na "bad" yapo tayari. Na mara chache "un-" haifanyi kazi yoyote: "unloose" ni kulegeza, sawasawa na "loose" yenyewe. Mtoto akikuta neno la namna hii, apongezwe kwa kuligundua.

Hitimisho

Hatukusudii kumfanya mwalimu wa shule ya msingi awe mtaalamu wa historia ya Kiingereza. Tunakusudia jambo jepesi zaidi: asiandike ubaoni kanuni iliyo fupi kuliko lugha yenyewe, na mtoto akiipinga kanuni hiyo, asimkalishe. Kanuni ya "un-" ikisemwa kama dhana ya kupimwa, kila neno linaloikataa huwa somo jipya. Ikisemwa kama amri, kila neno la namna hiyo huwa utovu wa nidhamu. Yule msichana wa dawati la mwisho alihitaji mwalimu wa kumwambia: "Swali zuri. Njoo tulitafute pamoja." Ndugu mwanachuo, utakapokwenda mazoezini, bila shaka utamkuta mwingine kama yeye.

Maswali ya kujipima

1. Eleza maana mbili za sentensi "The door was unlocked", kisha uzifasiri kwa Kiswahili ili tofauti ionekane.
2. Panga maneno haya katika makundi manne yaliyotajwa: "unpack", "unique", "unwise", "under", "uninvited", "unbutton", "union", "until".
3. Taja vitenzi vitano vya Kiswahili vya kauli ya kutendua ambavyo havikutajwa katika makala hii. Ni vingapi kati ya hivyo vinaweza kufasiriwa kwa "un-"?
4. Kwa nini Kiingereza kina "uneaten" lakini hakina kitenzi "uneat"?
5. Tayarisha andalio la kipindi kimoja juu ya maneno yanayoanza kwa "mis-", ukiyatumia "misuse", "mislead", "mist" na "mission".